Mizani Tuliyoiita Njaa

Mimi ni mtu aliyeanguka na ndege akabaki. Nimeliandika hilo mwanzoni ili tulimalize, maana hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, hakuna anayenijua kwa jambo lingine. Mgeni akinitafuta, wanamwambia amuulizie yule wa ndege, anayevuta mguu. Hawamwambii kwamba nilibeba chumvi ya Katwe kichwani miaka mitatu, wala kwamba nilimzika dada yangu nikamlea mtoto wake. Ni ndege tu, kama vile mimi ndiye niliyeirusha.

Sikuirusha. Walioiangusha ninawajua, na sijawahi kuona haya kuwataja. Wa kwanza ni rubani, mtu wa haraka, aliyekuwa akitazama saa kuliko mawingu. Wa pili ni mwenye mizigo, aliyeongeza magunia ya kakao baada ya mlango kufungwa mara ya kwanza. Wa tatu ni mpimaji wa kiwanja cha msituni tulikoondokea, magharibi ya Butembo, aliyepima magunia kwa mizani ya kununulia. Hao watatu nimewataja kwenye harusi, nimewataja matangani, na mara moja niliwataja kanisani padri alipouliza kama kuna mwenye tangazo. Watu wamechoka kuwasikia. Wachoke. Mimi mguu wangu haujachoka kuuma.

Shule niliachia mwaka wa nne wa primeri. Kuhesabu sikuacha. Ndiyo maana nilipovuka mpaka kuja Bwera, patroni mmoja, Mkongomani mwenzangu wa Butembo, mnunuzi wa kahawa, alinipa kazi ya kupima. Patroni huyu ni mtu wa benchi la mbele kanisani. Ana sauti nene, ana tumbo linalofika mahali kabla yake, na ana namna ya kukuita ndugu ambayo inakufanya uangalie mfuko wako.

Depo yake ilikuwa na mizani mbili za chuma, zile za kusimama chini, zenye bamba la kuwekea gunia na mkono wa juu unaotundikwa jiwe. Zote rangi ya kijani, zote za umri mmoja. Mtu asiyezijua angedhani ni pacha. Moja ilikuwa ya kuuzia, na hiyo haina habari hapa. Nyingine ilikuwa ya kununulia. Hiyo tuliiita Njaa, kwa sababu ilikula. Gunia la kilo mia likipanda juu ya Njaa linashuka likiwa na themanini na tano.

Patroni hakuniambia niibe. Watu wa namna yake hawatumii neno hilo, linawaumiza masikio. Alisimama tu siku moja mlangoni mwa depo, akaitazama ile mizani kwa huzuni, akasema, "Ndugu, hii mizani inapenda bakulima kuliko inatupenda siye. Uiongeleshe kidogo."

Nikaiongelesha. Nilichukua jiwe lake, nikalitoboa kwa chini, nikayeyusha risasi ya betri za zamani za lori, nikaimimina ndani, nikasawazisha kwa tupa, nikapaka rangi. Jiwe likiwa zito kuliko linavyodai, mzigo unaonekana mwepesi. Kazi ya saa tatu. Nilijivunia, kusema kweli. Mtu wa darasa la nne kuwashinda wenye kiwanda cha mizani si kitu kidogo, na patroni alinipiga begani akasema mikono yangu ina akili.

Sasa mtoto wa dada yangu. Huyu ni msichana, na amesomea kurusha ndege. Usiniulize wazo hilo alilitoa wapi. Alikulia nyumbani kwangu, alisikia habari za ile ajali kuliko alivyosikia katekisimu, na badala ya kuogopa akapenda. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba kila nilipokuwa nikisimulia, yeye alikuwa akifikiria kile ambacho rubani angepaswa kufanya. Patroni alimsaidia kuingia chuo, huko mbali mashariki ya nchi, na tangu siku ile akawa anamwita "rubani yangu" mbele ya wageni, kama mtu anavyosema pikipiki yangu.

Mwaka huu alikuja likizo. Alikuwa amebakiza safari chache za mafunzo kabla ya mtihani wa mwisho, na mwalimu wake, mtu wa Nairobi, naye alikuwa kwenye mapumziko. Mwalimu alitaka kuona theluji ya mlima wetu kwa macho. Basi akaazima ndege ndogo ya rafiki yake, ya viti vinne, akatua nayo Kasese, akakodi chumba, na wakapatana kwamba wafanye safari moja ya mafunzo wakiwa hapahapa likizoni. Waondoke Kasese, wapite juu ya maziwa ya chumvi ya Katwe, wafuate tambarare, warudi. Mwalimu akiridhika anatia sahihi, na mtoto anarudi chuoni kufanya mtihani. Asiporidhika, anarudishwa nyuma muhula mzima. Kwake yeye jambo lilikuwa ni hilo, sahihi. Alilala nalo na kuamka nalo.

Safari ya mafunzo haitakiwi kubeba wageni. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye, na mtoto mwenyewe alikuwa akilijua, na mwalimu alikuwa akilijua kuliko yeye. Lakini patroni alimlisha mwalimu mbuzi siku mbili mfululizo, na siku ya tatu akamwambia kwamba angependa sana kuketi ndani ya ndege ya rubani wake, yeye na rafiki yake mmoja, hajji wa Kasese mwenye malori. Mwalimu akasema haina shida. Nimewahi kuona watu wakinunuliwa. Sijawahi kuona aliyenunuliwa kwa mbavu za mbuzi haraka namna ile.

Mtoto akasema, kama ni lazima, basi kila mtu na kila mfuko upimwe, naye ataandika karatasi ya uzito. Patroni akanipigia simu Bwera kwamba nilete mizani. Nikamuuliza ipi. Akasema, mizani ni mizani, leta yenye iko karibu na mlango.

Iliyokuwa karibu na mlango ilikuwa Njaa.

Nataka nieleze hili vizuri kwa sababu ndipo watu wanaponiuliza. Je, nilijua naibeba ipi? Nilijua. Ningewezaje kukosa kuijua? Lakini nilidhani ni maonyesho. Patroni anapenda kupigwa picha na vitu. Nilidhani watasimama juu ya mizani, watacheka, watapigwa picha, na yule mwalimu ana mashine yake ndogo ya kweli mahali fulani. Mtu anayekwenda angani, nikasema, hawezi kutegemea chuma cha depo ya kahawa. Nikaipakia Njaa kwenye pikapu na tukaondoka asubuhi, tukapita Kinyamaseke watu wakiwa ndiyo kwanza wanapanga vitu vyao barabarani, na mimi nimeketi nyuma nimelikumbatia lile jiwe lisiruke.

Walipatana saa mbili asubuhi. Mtoto alikuwa amesisitiza hivyo, kwa sababu ya joto. Alinieleza kwamba jua likipanda hewa inakuwa nyepesi na ndege inakosa pa kukanyaga, inahitaji njia ndefu zaidi ndipo inyanyuke. Hata mimi nikaelewa. Patroni hakuelewa, au alielewa akaona joto nalo litamsubiri. Alifika saa tano na nusu. Alitoka misani, akapita kunywa chai, akapita kwa kinyozi. Akaja na hajji, na akaja na zawadi za mwalimu, mifuko miwili ya kahawa na jiwe zima la chumvi ya Katwe lililofungwa kwenye gunia. Mwalimu akaziweka nyuma ya viti, ndani ya ndege, kwa sababu hakuwaamini watu wa nyumba ya wageni. Kahawa na chumvi ziende Katwe kutembea, zirudi.

Kiwanja cha Kasese mnakijua, kile kilichozungukwa na mji. Watu walikuwa wameshakusanyika ukingoni kutazama, na wengi walikuwa wakulima na wachuuzi wa upande wetu waliokuja mjini siku hiyo. Niliona nyuso ninazozijua. Mama mmoja wa makamo, ambaye huleta kahawa kwetu kila msimu, alinipungia mkono. Kalooli, yale madege ya jalalani yenye vipara, walikuwa wamesimama kando ya njia wamekunja mabega kama makarani.

Niliiweka Njaa kivulini chini ya bawa, nikaisawazisha. Mwalimu akapanda wa kwanza, sitini na nane. Hajji akafuata, sabini na nane. Mifuko na chumvi, thelathini na nne. Mtoto akapanda mwenyewe, hamsini na sita. Kila nikisoma, yeye anaandika.

Nikamuuliza anaandika nini. Nilimuuliza hivi hivi tu, kama mtu anavyouliza habari ya mvua.

Akasema, "Ndiyo karatasi yenyewe, mujomba. Nikijumlisha hapa, na mafuta, na joto la saa hii, inaniambia kama itanyanyuka kabla ya njia kuisha."

"Na ile mashine yenu?"

"Mashine gani?"

Hapo ndipo mgongo wangu ulipoingia baridi, saa sita ya mchana, Kasese.

Na bado sikusema. Patroni alikuwa ameshapanda. Alivua viatu, akavuta pumzi, akaingiza tumbo ndani kana kwamba tumbo likiingizwa linakwenda nchi nyingine. Nikasogeza jiwe. Tisini na nne.

Mlipaswa kuuona uso wake. Alinyoosha mikono kama mshindi. Aliwaambia wote kwamba daktari alimwonya apungue, mke wake anamsumbua kila siku kwamba ananenepa, na yeye ana ushahidi. Kwa mwaka mzima, kila Jumamosi, alikuwa akijipima depo, na tisini na nne haivuki. "Madamu anasema nimenona," akasema. "Mizani inasema hapana. Nani anajua kuliko mizani?"

Nilimtazama nikashindwa hata kumchukia. Njaa ni yeye aliyeniagiza niiongeleshe. Alikuwa amenisimamia nikimimina ile risasi. Lakini alikuwa ameitumia miaka mingi hivi, ameapa kwa wakulima mara nyingi hivi kwamba haisemi uongo, mpaka siku alipotaka kujua ukweli wa mwili wake mwenyewe akaenda kuiuliza. Na akaiamini. Nimekutana na wezi wa kila namna, wa Kongo na wa Uganda. Mwizi aliyejiibia kilo zake mwenyewe na kushukuru, nilimwona huyo mmoja tu.

Mtoto akajumlisha. Mia tatu thelathini. Akasema kikomo ni mia tatu thelathini na nane, kwa hiyo zimebaki kilo nane, ni kidogo lakini imo. Mwalimu akachukua karatasi, akatia sahihi yake kwenye goti bila kuisoma, huku ulimi wake unatafuta nyama kwenye jino.

Mimi nilikuwa nimeshajumlisha kwa njia yangu. Hesabu hii hata ukiniamsha usingizini naifanya, ndiyo kazi iliyonilisha. Mia tatu thelathini ya Njaa ni mia tatu themanini na nane ya kweli. Kilo hamsini na nane zilikuwa zimeliwa. Kilo hamsini na nane ni mtu. Kulikuwa na mtu wa tano anayepanda ile ndege bila kuonekana, na mimi ndiye niliyemtengeneza, kwa risasi ya betri.

Hajji akapanda nyuma. Patroni akaweka mguu mmoja kwenye kikanyagio, na ndege nzima ikainama upande wake. Mtoto alikuwa ameketi kiti cha kushoto, amevaa zile spika za masikioni, uso wake umetulia kama wa mama yake siku alipoolewa.

Nikasema, "Mama, shuka."

Hakunisikia. Nikaenda mpaka dirishani, nikagonga. Akavua zile spika.

"Mama, shuka. Uzito haiko ile."

Patroni alicheka kwanza. Akawaambia wengine kwamba mzee wa ndege ameanza, kwamba mimi hata nikiona kalooli anaruka natafuta pa kujificha. Watu wa ukingoni nao wakacheka. Mwalimu alinionea huruma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akaniambia, "Mzee wangu, pole kwa yale yalikupata huko. Lakini hii ni ndege ingine, na hesabu imefanywa."

Hapo nikajua jinsi nilivyojifunga. Miaka yote nimekuwa nikisimulia ajali yangu, na sasa hofu yangu ilikuwa ndiyo jibu la kila neno langu. Ningeweza kulia, ningeweza kulala mbele ya gurudumu, wangesema maskini, bado anaiota. Kilichobaki ni kusema kile kimoja ambacho mtu mwoga hawezi kukibuni. Na wale watu wa ukingoni walikuwa pale, na yule mama wa kahawa alikuwa ameketi kwenye nyasi amenyoosha miguu.

Mtoto alishuka. Yeye hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Mujomba, haiko ile kwa nini?"

"Mizani inakula."

"Inakula nini?"

"Kilo. Kumi na tano kwa kila mia. Nilitia risasi mu jiwe yake, mimi mwenyewe."

Patroni alishusha ule mguu wake kutoka kwenye kikanyagio. Aliongea na mimi kwa sauti ya chini, ile ya ndugu. Alinikumbusha ni nani aliyenipokea nilipovuka mpaka na mguu uliofungwa kwa matambara, akasema joto limenipanda kichwani, nikae kivulini, ninywe maji. Kisha akawageukia wengine akasema kwa sauti ya kawaida, "Huyu anaota. Mizani yangu inapima bakulima miaka yote, hakuna mutu analalamika."

Mtoto hakumjibu. Alimuuliza hajji kama lorini mwake kuna kitu chochote ambacho uzito wake umeandikwa kiwandani. Hajji alikuwa na lori la saruji limeegeshwa barabarani, hatua chache. Mtu yule, na nitamsifu kwa sababu katika habari hii sina wengi wa kusifu, alishuka bila kuuliza, akaenda mwenyewe na kanzu yake nyeupe, akarudi na mfuko begani, umeshonwa bado, umeandikwa hamsini kwa herufi za mkono mzima. Akautua juu ya Njaa.

"Soma wewe," akaniambia mimi. "Soma kwa nguvu."

Nikasogeza jiwe. "Arobaini na mbili na nusu."

Akaenda akaleta wa pili. Arobaini na mbili na nusu.

Hajji akapangusa vumbi la saruji kwenye bega lake. Akasema, akimtazama patroni, "Mimi naleta kwako kahawa ya watu wangu miaka sita. Siku zote nauliza, hii kahawa inakauka wapi njiani?"

Mwalimu alianza kukuna kidevu. Wale wa ukingoni walikuwa wamesogea karibu na hakuna aliyecheka tena. Nilingoja patroni aseme neno la mtu aliyekamatwa, akane, atukane, anipige. Alikuwa akiitazama ile mifuko ya saruji, midomo yake inahesabu. Neno lililomtoka kinywani lilikuwa hili:

"Sasa miye niko kilo ngapi?"

Mtoto akageuza karatasi, akapiga hesabu nyuma yake. "Mia moja na kumi na nusu, patroni."

Akakaa chini. Kwa kweli alikaa, kwenye ngazi ya pikapu, na pikapu nayo ikainama. Kahawa ya milima mizima ilipita mikononi mwake kwa uongo na hakupoteza usingizi. Kilo kumi na sita za tumbo lake ndizo zilizomvunja.

Mwalimu akajaribu kuokoa mapumziko yake. Alisema tutoe mizigo, tumwache mmoja, watatu wanaweza kwenda. Mtoto akasema hapana. Alisema kwa adabu, mikono nyuma, kama anavyosimama mwanafunzi, lakini alisema hapana. Hataandika kilo nyingine kutoka kwenye mizani ile, na hii ni safari ya mafunzo, anayefunza na anayefunzwa, basi. Mwalimu akamkumbusha kwamba sahihi anayoitafuta iko kwenye kalamu yake yeye. Huo ndio muhula wake mzima uliokuwa ukining'inia pale, kwa sababu ya mbavu za mbuzi.

Akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini kwenye karatasi jina la rubani ni langu."

Akafungua mlango wa nyuma, akatoa kahawa, akatoa chumvi ya Katwe, akaviweka kwenye nyasi. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akapanda, akafunga mkanda, akamsubiri. Mwalimu alitazama watu, akatazama mlima, akapanda.

Njia ya kurukia ina mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, hata kama mengine yameliwa na nyasi. Kutoka walipoanzia niliweza kuyaona manne. Baada ya la nne kuna mtaro, ua wa waya, migomba ya mtu. Ndege ilianza kukimbia, ikapiga kelele, kalooli wakatawanyika wakilalamika. Ikapita jiwe la kwanza magurudumu yako chini. Ikapita la pili magurudumu yako chini. Ilinyanyuka ilipokuwa karibu na la tatu. Na walikuwa wawili tu, na nyuma hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya bamba la Njaa, na macho yangu yaliendelea kukimbia peke yake, yakapita la tatu, yakapita la nne, yakaingia kwenye ile migomba.

Yule mama wa kahawa akaja akasimama mbele yangu.

"Kila gunia?" akauliza.

"Kila gunia."

"Hata mwaka ule mume yangu iko hospitali?"

"Hata ule."

Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Akaniambia niondoke juu ya mizani. Nikaondoka. Akavua ndala, akapanda yeye, akanyoosha mkono akasogeza jiwe mwenyewe, kama mtu aliyeangalia likisogezwa mara nyingi. Akasoma. Akashuka, akavaa ndala zake.

"Hata mimi umenikula," akasema, akaenda zake.

Walirudi baada ya saa moja na kidogo. Mtoto alitua vizuri, hata mimi niliona, gurudumu halikuruka mara mbili. Mwalimu alitia sahihi. Aliandika pembeni kwamba mwanafunzi ni mbishi. Mtoto anasema maneno hayo atayatunza. Kahawa na chumvi mwalimu aliziokota akaondoka nazo, hakusahau, na kesho yake akarusha ndege kurudi alikotoka bila kuiona theluji, mlima ulikuwa umejifunika.

Patroni aliondoka na pikapu kabla hawajatua, akaniacha na Njaa kiwanjani. Jioni hiyo hiyo aliwaita watu wa Bwera depo akawaambia, kwa machozi, kwamba alimfuga nyoka. Mpimaji wake, ndugu yake, mtu aliyemwokota mpakani, alikuwa akiwaibia wakulima nyuma ya mgongo wake. Watu wakamwonea huruma. Ana mizani mpya sasa, ya kidijitali, ina taa nyekundu, na anaketi benchi lilelile. Anatembea pia, nasikia, kila asubuhi anatembea mpaka barabara ya lami na kurudi, kwa ajili ya kilo.

Lakini kuna jambo la pale kiwanjani sijaliandika. Tulikuwa tumeketi mimi na mtoto, tukingoja lori la hajji litubebe na kile chuma chetu. Alikuwa bado ana alama za zile spika kwenye nywele. Akaniuliza kama nilijua tangu Bwera. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini nilimwacha aandike watu wanne ndipo nikasema. Nikasema nilidhani kuna mashine nyingine. Akauliza, na baada ya kujua kwamba hakuna?

Nikaanza kupangusa vumbi la saruji kwenye bamba la Njaa. Akasubiri. Ana subira mbaya mtoto huyu, ni ya mama yake.

Nikamwambia. Kwamba kule msituni, miaka ile, nilikuwa nimesimama kando wakati magunia ya kakao yanapimwa. Sikuwa mpimaji, nilikuwa mbebaji tu, lakini niliona ni mizani ya kununulia, kwa sababu siku mbili kabla niliiona ikiwalia watu kakao yao sokoni. Nilijua kile kilichokuwa kikipanda kwenye ile ndege. Ningesema, wangenishusha mimi kwanza ili kupunguza uzito, na ndege nyingine ilikuwa baada ya wiki mbili, na nilitaka kufika nyumbani. Basi nikapanda, nikakaa juu ya gunia. Watu sita walikufa. Mimi nikatoka na mguu na habari ya kusimulia.

Hakuniambia pole, wala hakuniambia yamepita.

"Kwa hiyo ni wanne," akasema. "Siku zote unatutajia watatu."

Lori likaja. Tukaipakia Njaa pamoja, yeye upande wa bamba, mimi upande wa jiwe.

Alirudi chuoni, akafanya mtihani wake, na siku hizi anapiga simu Jumapili. Ananiambia akipata kazi atanirusha nione Butembo kutoka juu. Namwambia sipandi, na kweli sipandi. Kazi ya kupima hakuna anayenipa tena kutoka hapa mpaka Kinyamaseke, na wanafanya vizuri. Napakua mizigo mpakani, ile isiyohitaji kupimwa. Ila jina la yule wa ndege limekufa. Wale akina mama wa kahawa wakinipita sokoni Bwera, na magunia yao kichwani, wananiita Njaa. Mwanzoni walisema nyuma yangu. Sasa wananiita usoni, na mimi naitika.